Daku la Lalla Zhor

Mtu mwenye akili zake hali khlii, ile nyama iliyolazwa ndani ya shahamu, saa kumi alfajiri, kisha saa mbili akaenda kupimwa damu. Lalla Zhor alikula. Aliambiwa asitie kitu mdomoni tangu usiku, lakini siku hiyohiyo alikuwa analipa funga ya Ramadhani iliyompita akiwa mgonjwa, na funga gani haina daku? Mayai matatu yakaelea katika shahamu, na mkate akapangusia sahani.

Majibu yakatoka ya kutisha. Daktari Ibtissam, wa macho, alikwisha kuona kwamba presha ya macho yake imefika mpakani.

"Wenye mafuta mengi kwenye damu, mara nyingi presha ya macho nayo huelekea kupanda," alisema. "Si wote. Lakini haya yako ni mengi mno, mama. Rudi Jumatatu tupime upya, na tuutazame mshipa wa jicho."

Zhor hakusikia "si wote". Mama yake alikufa kipofu kwa presha hiyohiyo, na yeye kazi yake ni kutarizi, ile tarizi ya Fez inayofanana pande zote mbili za kitambaa. Alilia njia nzima. Kisha akampelekea mdogo wake, Batoul, sindano zake zote, shuka la harusi ya bintiye mwenyewe alilolifikisha nusu, na mtungi wa khlii.

"Chukua. Mimi nimekwisha."

"Umekwisha wapi, na ulimi wote huo?" Batoul alisema, huku machozi yakimlengalenga.

Jumatatu daktari aliuliza kwanza alikula nini siku ile. Zhor akamweleza.

"Daku, Lalla Zhor? Daku!"

"Sasa ningefungaje, mwanangu?"

Daktari alicheka hata akavua miwani. Safari hii, alipopimwa tumbo likiwa tupu, mafuta yalizidi kidogo tu, na mshipa wa jicho ulikuwa mzima kabisa.

"Punguza shahamu, tembea, uje kila miezi sita. Macho unayo."

Zhor alifurahi sana. Akaenda moja kwa moja kwa Batoul, akamkuta ameinamia shuka, kidole kinatoka damu.

"Lete hapa! Umefanya kiota cha kuku."

"Na khlii yako?"

"Kaa nayo. Nataka sindano zangu."

Akaketi dirishani, akaanza kufumua mishono ya Batoul mmoja mmoja, na kila mmoja aliuona.