Lango la Kambi na Kaburi la Babu

Kambi ya Wamarekani ilikuwa inahamishwa kutoka mjini kuja kijijini kwetu, huku pwani ya Okinawa, na kwenye ramani lango lake jipya lilikaa juu ya kaburi la Babu. Bibi Kamadu hakuandamana. Aliwaambia watu wa wizara kaburi litahama vizuri tu, ila aje kuliomba mtu ambaye mnyama wa mwaka wake wa kuzaliwa anapatana na wa Babu. Babu alizaliwa mwaka wa panya.

Tokyo wakamleta Bwana Mizobata na keki. Bibi akapokea keki, akamuuliza mwaka wake. Farasi.

"Pole mwanangu," Bibi akasema. "Farasi na panya hawakai pamoja. Na marehemu alikuwa na hasira hata akiwa hai."

Akafuata wa nyoka, huyo alirudishwa mlangoni kabla hajavua hata viatu. Wa tatu alikuja anatabasamu, maana alikuwa panya mwenyewe. Bibi akamwonea huruma, akamweleza kwamba panya wawili shimo moja watagombana mpaka makaburi ya jirani yalalamike.

Mimi namimina chai, naona Bibi anaitupia jicho kalenda ya ukutani. Alijua nyani anapatana na panya, na watu wa mwaka wa nyani wamejaa kila ofisi. Kaburi kwetu huguswa tu katika mwaka ambao kalenda ya kale ina mwezi wa nyongeza, na mwaka huo ulikuwa unaelekea ukingoni. Nyani akiwahi, Babu anahama.

Nyani alikuja baada ya mwaka mpya wa kale, ameongozana na Kapteni Haskell wa kambi. Bibi akawapakulia nyama ya nguruwe na mwani, wakala wakashiba.

"Wewe ndiye hasa tuliyekuwa tunamngoja, baba," akamwambia huyo wa nyani. "Ila mwaka wa kugusa kaburi umekwisha. Wenzako wamenichelewesha na farasi wao."

Kapteni akauliza mwaka mwingine wa hivyo ni lini. Alipotafsiriwa jibu, kwamba ni miaka miwili mitatu mbele, akaikunjua ramani kati ya mabakuli, akafuta lango kwa kifutio na kulichora upande wa pili wa mashamba ya miwa.

Huko kuna uwanja ambako mwenyekiti wetu wa kijiji, yule aliyeipigia kambi makofi, hucheza mpira wa kugongwa kwa nyundo ya mbao na wazee wenzake. Kesho yake akaja kwetu, sauti ya chini, kumuuliza Bibi kama uwanja nao una mwaka wake.

"Pale hakuna marehemu, jirani," Bibi akamjibu. "Labda utangulie wewe."