Wageni Waliokuja Kutazama Nyumba

…na chai inamiminika, Spès hawezi tena kuisimamisha, aliwakaribisha kwa mdomo wake mwenyewe, alipoona kundi la watu mlangoni alijua ni wale wa parokia, wamekuja kumwona mtoto, kwao Burundi mtu akijifungua watu huja na hawaulizwi wametoka wapi, akafungua, karibuni, karibuni sana, wakaingia wote, wakatazama dari badala ya mtoto, ndipo binti yake Mélissa akamvuta kitenge na kunong'ona, "Mama, hawa ni watu wa tour, watalii wa nyumba za zamani," na aibu ikamchoma, halafu si aibu tena… msichana anayewaongoza, Whitney, anaongea Kiingereza kwa sauti tamu, Spès anadaka nusunusu, kiwanda cha nguo, miaka mia iliyopita, tajiri mwenye moyo mwema akawajengea wafanyakazi nyumba hizi za matofali, ubavu kwa ubavu, na shule, na duka, ili mfanyakazi alale pazuri… na mumewe Macaire anayepakia maboksi usiku kucha kwenye ghala mpaka mgongo unalia, huyo nani, au mpaka afe kwanza ndipo watu waonyeshwe alipolala… mwakani mstari wote wa nyumba utarudishwa ulivyokuwa, anasema, kitanda cha chuma, jiko la kuni, gauni la mwanamke wa kiwandani litundikwe pale, na kidole chake kinaelekea msumari wenye nguo za mtoto… baada ya Krismasi mhame, mwenye nyumba alikwisha sema, na Spès akajibu asante, asante ya nini, ile ya kambi ya wakimbizi, ambako hata aliyekuja kung'oa hema aliambiwa asante… na ukuta huu ni mmoja, uchungu ulipomshika yuko peke yake aliupiga kwa mwiko, bibi Jackie wa upande wa pili akaja peku, bila wigi, akamwendesha hospitali kama mwizi anayekimbizwa, akimwita mwanangu njia nzima, hilo Whitney halisemi, hilo halitundikiki… mzee mmoja kavua kofia, kapokea kikombe kwa mikono miwili, yeye peke yake anamtazama mtoto, na wema huo unamuuma Spès kuliko kile kidole, maana karibu umpoze, karibu atabasamu, na hivyo ndivyo walivyohamishwa kila mara, kwa sauti tamu, kwa pole… la, anywe chai yake mzee, Mungu ambariki, lakini hasira hii leo haipoi… Whitney anauliza kitu, kamwinamia Mélissa, mtoto wa watu, kwa tabasamu, naye Mélissa anageuka kumtafsiria mama, eti anataka kujua kama wageni waone na chumba cha ndani, kwa dakika moja tu, na Spès anasikia mdomo wake ukianza kusema ndiyo, asante, mdomo wa zamani, anaufunga, anaufungua upya.

"Mwambie hapana. Humo amelala mfanyakazi."

Mélissa anasitasita, anamtazama mama yake kana kwamba ni mtu mgeni, chai bado inamiminika.

"Na baada ya Krismasi, mwambie, atakuwa bado amelala humo."