Alama ya Tano Mkiani

Karakana nzima iliwaita Bolti na Nati, mke na mume, mafundi wa ndege, miaka kumi na tisa kazi moja. Bolti ndiye mke. Asubuhi hiyo walikuwa wamefunga mota mpya kwenye mkia wa ndege iliyotakiwa kuondoka na abiria saa tisa, na kilichobaki ni kupima tu.

Mkia wa ndege ile una vipande viwili. Bawa dogo la mkiani husogezwa zima, taratibu, na mota inayozungusha skrubu nene. Nyuma yake kuna kibao chepesi kwenye bawaba, kinachopanda na kushuka upesi rubani anapovuta usukani. Kibao huanza, bawa hufuata, na bawa likishaubeba mzigo, kibao hurudi katikati kikapumzika. Nati alipenda kusema hivyo ndivyo walivyolea watoto, yeye akiwa kibao. Kwenye kupumzika hakuna aliyembishia.

Mke alikaa chumba cha rubani, redio mkononi. Mume alisimama kwenye jukwaa kule mkiani, asome alama zilizochorwa ubavuni. Sheria ni moja: wa mbele hutaja anakokwenda, wa nyuma hutaja alichokiona.

"Nakwenda tano," mke alisema, akabonyeza swichi. Kidole kikateleza, bawa likakomea tatu. Alikuwa karibu kuomba radhi.

"Tano," redio ikajibu.

Mke aliangalia tena kipimo mbele yake: tatu.

"Rudia, baba watoto."

"Tano, mama. Au unataka niimbe?"

Alishuka, akapita chini ya bawa, akapanda jukwaani. Alimkuta mumewe amekunja uso mbele ya alama.

"Niko tatu," alimwambia. "Tangu lini huoni?"

Nati alifikicha kitambaa chenye grisi. "Kama mwezi. Lakini wewe hukosei, mke wangu. Ukisema tano, ni tano."

Alimpenda sana dakika ile, na alitamani kumzaba kofi.

"Huku nyuma hukuwekwa uniamini," alisema. "Umewekwa usiniamini."

"Watanifukuza."

"Twende wote kwa msimamizi."

Msimamizi aliwaka kama moto wa mabua. Akaamuru ndege mbili ambazo Nati alizisomea alama mwezi ule zipimwe upya, akampa mtu mwingine jukwaa, na Nati akapelekwa kwa daktari wa macho. Ile ya saa tisa iliondoka saa kumi na moja, abiria wakinung'unika bila kujua kitu. Bolti alikula chakula cha mchana peke yake siku tisa.

Siku ya kumi Nati alipanda jukwaani na miwani minene, wenzake wakimcheka.

"Nakwenda tano," mkewe alisema kwenye redio, akaachia swichi mapema makusudi.

Nati alisogeza uso karibu na alama, akasoma mara mbili.

"Nne," Nati alisema. "Bolti, ni nne. Umenidanganya!"

Bolti alifuta machozi kwa mkono wa ovaroli.

"Na nitakudanganya kila siku," alisema, "mpaka tustaafu."