Gurudumu Lililopinda

Mume alikuwa amepindua baiskeli ya mkewe katikati ya chumba cha nyumba ya wageni, akizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole. Kila lilipofika mahali pamoja, lilikwaruza breki. Spoku tatu zilikuwa zimekatika, na rimu imepinda kama kola iliyoshonwa kwa haraka.

Mkewe alikaa kitandani, goti lililovimba juu ya begi la hema.

"Fundi," alisema. Wote wawili walikuwa mafundi cherehani, na waliitana hivyo kwa utani. Leo utani haukuwemo. "Spoku za akiba umeziacha nyumbani makusudi."

"Makusudi?"

"Hukuitaka safari hii tangu mwanzo. Eti baiskeli na mizigo kwenye nchi ya watu, tutachekwa."

"Nilisema tutachoka."

"Ulisema tutachekwa, bwana. Nilikuwepo."

"Haya, nilisema."

Asubuhi ile walikuwa wameteremka mlima mrefu, mke mbele, akipiga kelele za furaha hadi mbuzi wa watu wakainua vichwa. Miaka yote kwenye meza ya kukatia, mume hakuwahi kumsikia akipaza sauti namna ile. Chini kabisa likaja shimo, akaanguka. Mchana kutwa wakasukuma baiskeli juani. Muuza vipuri wa mji huu alikuwa na spoku fupi tu. Akawaonyesha kituo cha basi bila kuulizwa.

"Zilikuwa kulia mwa meza," mume alisema. "Nikazirudisha kabatini pamoja na nguo za wateja."

Tangu wafungue duka, kulia mwa meza ndiko walikoweka kazi iliyokwisha, ya kuingizwa kabatini. Hakuna aliyehitaji kumwuliza mwenzake. Na ni mke aliyeziweka pale baada ya kuzikagua, akimaanisha ziko tayari kufungashwa.

"Basi nimekuonea," alisema taratibu.

"Si sana. Zilipokatika, moyo wangu ulifurahi kidogo. Nikasema afadhali, sasa tutarudi."

Nje mtu alikuwa akifagia ua. Mke akalisogeza goti juu ya begi.

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Basi linaondoka asubuhi."

"Panda wewe. Mimi nitasukuma hadi ziwani tulikopanga."

"Na goti hilo? Acha hayo, mama."

"Niache nini? Nimeingoja safari hii tangu kitindamimba wetu yuko mgongoni."

Mume alisimama, akaivuta baiskeli yake iliyoegemea ukutani, akaipindua kando ya ile nyingine. Zilikuwa za aina moja.

"Nikitoa spoku tatu kwangu, zisizo jirani, gurudumu lako litashika," alisema. "Ila magurudumu yote mawili yatakuwa dhaifu. Tutakwenda polepole, na sufuria kubwa tutaiacha hapa."

"Umekubali, au unanihurumia?"

"Njoo unishikie rimu."

Alishuka akichechemea, akashika. Spoku ya kwanza iliingia, ikakazwa. Gurudumu likakwaruza vilevile. Kufikia hapo mwanga wa dirishani ulikuwa umekwisha, na taa ya chumba haikutosha kuonyesha mwanya wa breki.

"Nyingine kesho," mume alisema.

"Kabla ya basi au baada yake?"

Mume akafuta mafuta mikononi kwa kitambaa. "Tukianza alfajiri, basi litaondoka tukiwa bado tunakaza."

"Hilo si jibu, fundi."

"Ndilo nililo nalo leo."

Waliziacha baiskeli zote mbili miguu juu, wakazizunguka kwenda kunawa.