Mawe ya Madhabahu

Jumapili ile Pasta Gédéon alikuwa na moto, amesimama juu ya jiwe lake kubwa la kuhubiria. Alihubiri juu ya nganda ya Nyandwi, baa iliyo ng'ambo ya barabara: pombe yake, muziki wake, wasichana wanaotoka humo asubuhi bila haya. Akasema Mungu ameuchoka mji wa Uvira. Akaonyesha mlima kupitia dirishani, ambako wingu jeusi lilikuwa limekaa tangu alfajiri. "Hukumu iko njiani," alisema, kidole kikielekea kwenye nganda. "Na inawatafuta wale."

Waumini waliitika amina kwa raha zao. Dhambi za jirani zina utamu wake zikihubiriwa.

Émérance, mkuu wa akina mama wa kanisa, aliitika kuliko wote. Macho yake hayakubanduka kwenye madhabahu mpya. Wazo lilikuwa lake: kila muumini alete jiwe moja kwa mikono yake, asinunue, na mawe hayo yajenge madhabahu. Yalikuwa yamepangwa tayari, bado saruji tu. Kwa kuwa goti lilikuwa likimsumbua, jiwe lake alimtuma binti yake Divine, aliyeolewa kule mtaa wa Kilibula, nyumba ya mwisho kabla ya mto.

Divine alikuja amechelewa, akaketi kando yake.

"Mutoto iko wapi?" mama alimnong'oneza.

"Amelala. Nimemuacha na mama mukwe."

Mama mkwe huyo alikuwa kikongwe asiyeweza hata kuvuka ua bila kushikwa mkono. Émérance alitikisa kichwa, kisha akaonyesha madhabahu kwa kidevu. "Jiwe yetu ni ile ya katikati. Uliitoa wapi, nzuri vile?"

"Kwa ukuta ya mutoni, nyuma ya nyumba yetu. Bantu ba kutengeneza mbabula, majiko ya makaa, balishakataka waya, mawe ikabakia wazi." Divine aliona uso wa mama yake ukibadilika. "Mama, bote balitoa mawe pale. Kila muntu moja tu."

Ukuta ule wa mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya ulijengwa baada ya mafuriko yaliyozoa nyumba na watu. Émérance aliyatazama mawe ya madhabahu upya, akaona mistari ya kutu iliyoachwa na waya, jiwe baada ya jiwe. Alikuwa ameyasifu mwezi mzima na hakuiona. Huko mlimani ngurumo ilianza, nzito, haikatiki.

Katika kanisa lile mwanamke hamkatizi pasta. Émérance alisimama.

"Pasta, haya mawe irudi mutoni. Sasa hivi. Tulibomoa ukuta ya mutoni ili tujenge madhabahu."

Kanisa zima likatazama chini. Ndipo alipojua kwamba hakuwa akiwapa habari.

"Mama," Gédéon alisema taratibu, "mawe haya nimeyapaka mafuta. Ni ya Bwana. Atakayeyagusa atajiletea laana."

Émérance alimwogopa Mungu kweli, si kwa maneno. "Mujukuu wangu iko nyuma ya ule ukuta," alisema. Akaenda mbele, akalichomoa jiwe la katikati, na upande mzima wa madhabahu ukaporomoka.

Kisha Ciza, mpiga ngoma wa kwaya, akaja akaokota lake. Baada yake benchi zikaanza kumwagika watu.

Walipita mbele ya nganda na nguo zao za Jumapili, mawe kichwani. Walevi waliwacheka, lakini Nyandwi alitazama kule walikokuwa wakielekea, akaweka chupa chini na kuwafuata. Wenzake nao wakafuata.

Mto ulikuwa umeshajaa, mwekundu, ukiguguna pengo la ukuta. Walijaza, wakakanyagia, wakajaza tena, waimbaji na walevi bega kwa bega. Maji yakaendelea kupenya chini kabisa, mahali pa jiwe kubwa ambalo hakuna aliyelileta. Yalikuwa yameingia uani kwa Divine.

"Ile kubwa ilichukuliwa na nani?" Émérance aliuliza.

Ndipo wakamwona Pasta Gédéon akija barabarani, suti imechafuka, jiwe kubwa lenye mistari ya kutu begani, lile alilokuwa akisimama juu yake kila alipohubiri. Alikuwa akilia waziwazi. Aliingia majini hadi kiunoni, jiwe likamshinda. Akageuka, akamkuta Nyandwi kando yake.

"Nisaidie, ndugu yangu," alisema. "Hukumu ilikuwa inanitafuta mimi."

Nyandwi alishika upande wa pili. Walilishusha pamoja, na maji yakaacha kupenya.

Émérance aliingia ndani kwa Divine. Kikongwe alikuwa kitandani, amekunja miguu, amemkumbatia mtoto. Mtoto alikuwa bado amelala.