Vita vya Shukrani Kando ya Barabara Kuu

Kabla nyundo ya kwanza haijagonga, Bwana Isurugi, msimamizi wa ujenzi wa barabara kuu, alipita nyumba kwa nyumba akiinama na kugawa taulo jipya, kuomba radhi kwa kelele zitakazokuja. Bibi Kinuyo, muuza tofu, ile jibini laini ya maharage ya soya, alipokea lake. Kwa desturi ya kwao, anayepokea zawadi hurudisha, hivyo akawapelekea mafundi tofu. Isurugi akarudisha machungwa. Bibi akajibu kwa tofu ya kukaanga. Vita vikapamba moto, na hakuna upande uliokubali kushindwa kwa adabu.

Wakati huo uzio wa ujenzi ulikuwa umelificha duka. Magari yalielekezwa kwingine, wateja wakayeyuka, na bibi alikuwa karibu kufunga. Lakini utamlalamikiaje mtu ambaye umekula machungwa yake?

Siku moja Isurugi alikuja mikono mitupu. "Bibi, tumesalimu amri! Mafundi wamenenepa, mikanda haiwafungi. Sema unataka nini."

"Sitaki kitu, mwanangu."

"Bibi!"

"Basi, huo uzio wenu. Mzuri sana. Ila umenimeza."

Isurugi aliinama mpaka kofia ikaanguka. Kesho yake uzio ulisogezwa, magari yakapitishwa mlangoni kwa bibi, na mwongoza magari akamwinamia kila dereva huku bendera yake ikielekea dukani. Foleni nzima ikanunua tofu kupitia madirisha ya magari.

Bibi alifuta machozi kwa lile taulo. "Watu hawa! Sasa nitawarudishia nini?"

Akaenda kuloweka soya, safari hii kwenye sufuria kubwa ya harusi.