Kiganja cha Anselme

"Huu si ukungu, Mzee Anselme. Hii ni shuka iliyotoka kufuliwa," alisema mchoraji, Bwana Lescure, akairudisha karatasi mezani. Ilikuwa ya tatu kukataliwa asubuhi ile.

Anselme, mchapaji, aliiinamia; ukweli ulikuwa mbele ya macho yao. Bamba la shaba la kuchapia lilikuwa limechorwa daraja la mto Seine wakati wa alfajiri, lakini ukungu wake haukuwa na mstari hata mmoja. Ulitegemea wino mwembamba ambao mchapaji huuacha juu ya shaba anapoipangusa kwa kiganja. Miaka thelathini Anselme aliuacha bila kufikiri. Kisha akavunjika mguu wa kulia, akauacha mtambo wa kuchapia kwa miezi mitatu, na kiganja cha kulia kikalainika kama cha mtoto mchanga. Sasa kilinata na kukomba wino wote.

"Ya nne ndiyo ya mwisho," alisema Bi Cordier, mwenye karakana. "Bwana asipoitia saini, mtambo ataushika huyu msaidizi wako, Firmin. Wewe utalowesha karatasi."

Kulowesha karatasi! Kazi aliyoanza nayo akiwa na miaka kumi na miwili. Anselme aliona aibu. Akashika fimbo yake ya kutembelea aende dirishani kuvuta pumzi.

Fimbo ilimkwaruza. La, kiganja ndicho kilichoikwaruza fimbo. Akaufungua mkono wa kushoto, akautazama: sugu tupu za miezi mitatu ya kuegemea fimbo, kavu, ngumu, rangi ya mkate ulioungua.

Alirudi upesi. Akalipaka bamba wino, akalipangusa kwa kitambaa, akajisugua chaki kidogo kwenye kiganja cha kushoto, akamalizia kulipangusa kwa kiganja hicho.

"Mzee, siku hizi unakula kwa kushoto?" Firmin alicheka.

"Mwenye njaa hachagui mkono, mwanangu. Zungusha gurudumu."

Blanketi za mtambo zilizofunika karatasi zikafunuliwa, karatasi ikabanduka taratibu. Bwana Lescure aliiinua kwenye mwanga, akaisogeza karibu na macho. Nusu ya daraja ilionekana. Nusu nyingine ilikuwa bado haijaamka.

"Nipeni penseli."

Akaandika pembeni: nzuri, ichapwe. Chini yake akaweka jina. Anselme alishusha pumzi kwa nguvu hata Bi Cordier akageuka.

"Nataka nakala arobaini, zote sawasawa na hii," alisema Bwana Lescure. "Utaweza?"

"Nitaweza, bwana."

Jana yake asubuhi daktari alikuwa amemwambia mguu umepona kabisa, fimbo aitupe. Jioni ile Anselme alishuka ngazi za karakana polepole, akiiegemea fimbo kwa kiganja cha kushoto, kwa uzito wake wote.